Edmond Albius, Mtoto Mtumwa na Ua la Vanila

Majira ya maua ya vanila yanapofika katika mashamba ya Beni, wakulima huamka mapema. Akina mama, vijana na hata wazee hupita mmea kwa mmea, kila mmoja ameshika mkononi kijiti chembamba au mwiba. Huinama mbele ya kila ua lililofunguka asubuhi hiyo, hulipasua kidogo, huinua kitu kidogo kisichozidi ukucha wa mtoto mchanga, hubonyeza kwa kidole gumba, kisha huliendea ua la pili. Kazi hiyo haina budi kwisha kabla jua halijawa kali, kwa maana ua la vanila huishi siku moja tu. Miezi mingi baadaye matunda huchumwa na kukaushwa, huuzwa kwa wafanya biashara wa Butembo, na kutoka huko husafirishwa hata nchi za mbali, ili yatie harufu nzuri katika vyakula vitamu vya watu wasioijua hata njia ya kwenda Beni. Kwa fedha ya vanila watoto hulipiwa shule, wagonjwa hununuliwa dawa, na nyumba huezekwa mabati.

Walakini ni wachache wanaomjua yule aliyewafundisha watu kazi hiyo. Hakuwa mfalme, hakuwa mwalimu wa chuo kikuu, wala hakuwa na shamba lake mwenyewe. Alikuwa mtoto wa miaka 12, yatima, mtumwa, asiyejua kusoma wala kuandika. Jina lake aliitwa Edmond. Haya ndiyo maisha yake.

Kuzaliwa katika utumwa

Katika Bahari ya Hindi, ng'ambo ya kisiwa kikubwa cha Madagaska, kiko kisiwa kidogo chenye mlima wa moto. Jina lake la leo ni Réunion. Zamani kiliitwa Bourbon. Kilikuwa chini ya Ufaransa, na hata leo ni hivyo. Wenye mashamba wa kisiwa hicho walilima kahawa, na baadaye miwa. Kwa kuwa hawakutaka kushika jembe wao wenyewe, walinunua watu. Watumwa wengi walitolewa Madagaska na pwani ya Afrika ya Mashariki, wakapakiwa katika majahazi na merikebu, wakauzwa kama ng'ombe wanavyouzwa sokoni.

Katika kisiwa hicho, upande wa kaskazini, mahali paitwapo Sainte-Suzanne, Edmond alizaliwa mwaka 1829. Mama yake, Mélise, alikufa katika kumzaa. Baba yake, Pamphile, alikuwa mtumwa vilevile, na mtumwa hakuwa na amri juu ya mwanawe. Mtoto hakupewa jina la ukoo, kwa sababu katika sheria za siku zile mtumwa hakuhesabiwa kuwa mtu mwenye ukoo. Alihesabiwa pamoja na mali ya bwana wake.

Kanisa lafundisha kwamba kila mtu, awe mtumwa au mwungwana, ana roho isiyokufa, iliyoumbwa kwa sura ya Mungu. Mwaka 1839, Edmond alipokuwa mtoto wa miaka 10, Baba Mtakatifu Gregori wa 16 alitoa barua ya kulaani biashara ya watumwa. Lakini ni neno la kuhuzunisha kwamba wengi wa mabwana wa Bourbon walikuwa watu waliobatizwa. Siku ya Dominika walipiga magoti mbele ya Msalaba, na siku ya kesho yake waliwamiliki ndugu zao. Neno la Mungu huingia sikioni upesi, ila safari yake ya kuufikia moyo wa mtu mwenye tamaa ni ndefu.

Bwana wa Edmond aliitwa Ferréol Bellier-Beaumont. Alikuwa na shamba lililoitwa Bellevue, na alimpokea mtoto huyo kutoka kwa dada yake. Ferréol alipenda sana mimea na maua. Akampenda na mtoto pia, akamweka karibu naye, wala hakumpeleka mashambani pamoja na wengine. Kila siku walitembea pamoja bustanini. Bwana alitaja majina ya mimea, na mtoto aliyashika. Hakumfundisha kusoma kitabu, lakini macho ya mtoto yalijifunza kusoma majani na maua.

Siku moja Ferréol alimwonyesha jinsi ya kuzalisha mmea wa jamii ya maboga. Mimea ya namna hiyo hutoa maua ya kiume peke yake na maua ya kike peke yake. Alichuma ua la kiume, akaligusisha na ua la kike, na baada ya siku chache tunda likaanza kuvimba. Mtoto alitazama akanyamaza. Somo hilo alilitia moyoni.

Siri iliyomo ndani ya ua

Ili kazi ya Edmond ieleweke vema, yafaa kwanza kujua jinsi Mwenyezi Mungu alivyoliumba ua. Watu hulitazama ua kwa uzuri wake, lakini uzuri huo ni kama nguo tu. Ndani ya nguo ziko sehemu mbili, ya kiume na ya kike, ambazo kwa hizo mmea huzaa mbegu.

Sehemu ya kiume kwa kawaida ni vijiti vyembamba, na juu ya kila kijiti kipo kifuko kidogo. Mwenye kutaka kuviona na atazame yungiyungi jeupe linalopamba altare. Katikati yake mna vifuko sita vinavyotikisika juu ya vijiti vyao, na mtu akivigusa hupakwa unga usiotoka upesi vidoleni wala katika kitambaa. Unga huo huitwa chavua. Au na aende katika shamba la mahindi. Yale masuke yaliyo juu kabisa ya mhindi yamebeba vifuko vingi vinavyoning'inia, na upepo ukivuma unga wake humwagika kama vumbi. Mpapai dume nao hutoa maua yenye vifuko vya chavua. Ndiyo sababu mkulima huusubiri bure uzae kama mpapai jike.

Vifuko hivyo havitokei ghafula vimekamilika. Wakati ua lingali changa, limefumbwa katika tumba lake, kifuko ni uvimbe mdogo tu, laini, usio na kitu ndani. Siku kwa siku huumbwa ndani yake vyumba vidogo, na katika mimea iliyo mingi vyumba hivyo ni vinne. Ndani ya kila chumba zimo chembe ambazo ni kama mama: kila moja hugawanyika, nayo hutoa punje nne za chavua. Ukuta wa ndani wa chumba huzilisha punje hizo, kama mama amnyonyeshavyo mtoto, na ukiisha kuzilisha huyeyuka ukatoweka. Mwishowe, ua likifunguka, kifuko hukauka, hupasuka penye mstari wake, na chavua hutoka. Kazi hiyo yote hufanyika gizani, katika tumba lililofungwa, kabla jicho la mtu halijaliona ua.

Sehemu ya kike iko katikati. Chini kimo chumba cha mbegu, na juu pana kinywa chenye unyevu na kunata. Chavua ikifika juu ya kinywa hicho, humea, hushusha uzi mwembamba hata ndani, na mbegu hutungwa. Isipofika, ua hunyauka likaanguka bure. Basi yahitajiwa mjumbe wa kuichukua chavua kutoka kifukoni hata kinywani. Kwa mahindi mjumbe ni upepo, kwa maua mengine ni nyuki, vipepeo au ndege wadogo.

Mmea usiozaa

Vanila asili yake ni nchi ya Meksiko na nchi jirani zake, katika Amerika. Ni mmea wa kutambaa, hupanda juu ya miti mingine, na matunda yake ni marefu na membamba mfano wa maganda ya maharage. Watu wa Meksiko waliyatumia tangu zamani, kisha Wahispania wakayapeleka Ulaya, nayo yakapendwa sana na matajiri.

Wafaransa waliona faida, wakapeleka miche ya vanila Bourbon katika miaka ya karibu na 1820. Miche ikashika, ikamea vizuri, ikapanda miti, ikatoa maua. Lakini haikuzaa matunda. Mwaka ukapita, na mwingine, na miaka mingi baadaye, wala hapakuwa na tunda. Wengine walikata tamaa, wakauacha mmea ukue kama pambo tu.

Sababu yake ilikuwa katika umbo la ua lenyewe. Ua la vanila halina vifuko sita kama yungiyungi. Lina kifuko kimoja tu. Tena kifuko hicho hakisimami juu ya kijiti chake peke yake, bali kimeunganishwa na sehemu ya kike katika nguzo moja ndogo katikati ya ua. Kimefunikwa kwa kifuniko mfano wa kofia. Chavua yake si unga wa kupeperushwa na upepo, bali imeshikamana kama bonge dogo la kunata. Chini yake, karibu sana, ndipo kilipo kinywa cha kike. Lakini kati ya hivyo viwili Muumba ameweka kiwambo chembamba, mfano wa ulimi mdogo. Hivyo kifuko na kinywa ni kama jirani wawili wakaao nyumba moja, wametengwa kwa ukuta usio na mlango.

Huko kwao Meksiko wako nyuki wa nchi ile wawezao kuingia katika ua na kuifanya kazi hiyo. Bourbon hawakuwako. Tena ua hufunguka alfajiri, na kabla ya jioni limekwisha kunyauka. Lisipopata mjumbe asubuhi hiyo, halitampata tena kamwe.

Mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Charles Morren, wa mji wa Liège, alifaulu mwaka 1836 kuizalisha vanila kwa mkono wake katika nyumba ya vioo. Baada yake mtunza bustani mmoja wa Paris, Neumann, alifaulu vilevile. Lakini ujuzi wao ulibaki katika nyumba za vioo na katika vitabu vya wataalamu. Mashambani hakuna aliyefaidika nao.

Asubuhi moja ya mwaka 1841

Ferréol alikuwa na mmea mmoja wa vanila katika bustani yake. Ulikuwa na umri wa miaka 20 hivi, na haukuwa umezaa kamwe. Asubuhi moja ya mwaka 1841 alikuwa akitembea kama desturi yake, Edmond yuko pamoja naye. Ghafula akaona tunda la kijani linaning'inia katika mmea ule. Akasimama akastaajabu. Mtoto akamwambia kwa utulivu kwamba yeye ndiye aliyelizalisha tunda lile kwa mkono wake.

Ferréol hakusadiki. Mtoto wa miaka 12, mtumwa, asiyeweza kuandika jina lake, angewezaje kufanya jambo ambalo mabwana wote wa kisiwa walilishindwa? Akaliacha neno hilo likapita. Lakini baada ya siku mbili tatu akaona tunda la pili, na mtoto akarudia maneno yake yale yale. Ndipo Ferréol alipomwamuru aonyeshe alivyofanya.

Edmond akachagua ua lililofunguka asubuhi hiyo. Akalishika kwa mkono mmoja, akaurudisha nyuma mdomo wa ua hata nguzo ya katikati ikaonekana. Kwa kijiti chembamba cha mwanzi akakiinua kile kiwambo. Kisha kwa kidole gumba akakibonyeza kifuko cha chavua hata kikagusana na kinywa cha kike. Akaliachilia ua. Kazi yote ilikuwa ya muda mfupi, mfano wa mtu anayefunga kifungo cha shati.

Hapo Ferréol alifahamu. Mtoto alikuwa amelichukua somo la maboga, akalipeleka mbele kwa akili yake mwenyewe. Katika boga, mume na mke hukaa katika maua mawili. Edmond alifikiri kwamba katika vanila pia lazima wawepo wote wawili. Akawatafuta, akawakuta katika ua moja, akauona ukuta unaowatenga, akauondoa. Hakuna aliyemwamuru. Alitazama kwa uvumilivu, akafikiri, akajaribu.

Ferréol hakulificha jambo hilo. Akawapasha habari wenye mashamba wengine, nao wakaja kutazama. Edmond akapelekwa shamba kwa shamba ili awafundishe watumwa wengine namna ya kufanya. Hivyo mtoto aliyekatazwa shule akawa mwalimu wa kisiwa kizima. Mabwana wenye elimu walisimama kando wakatazama kidole gumba cha mtoto mweusi.

Utajiri wa wengine

Tangu siku zile vanila ilienea Bourbon kama moto katika nyasi kavu. Mtu mmoja mwenye mkono mwepesi aliweza kuyahudumia maua zaidi ya 1000 katika asubuhi moja. Matunda yalikaa juu ya mmea miezi minane au tisa, kisha yalichumwa, yakachovywa katika maji ya moto, yakafunikwa katika mablanketi yatoe jasho, yakaanikwa juani siku nyingi hata yakawa meusi yenye kunukia. Miche na ujuzi vilivuka bahari vikafika Madagaska, Visiwa vya Ngazija na Visiwa vya Shelisheli. Mwaka 1898 kisiwa cha Réunion peke yake kilitoa tani 200 hivi za vanila. Nyumba kubwa zilijengwa, merikebu zilipakiwa, watu walitajirika.

Edmond hakupata kitu. Mtumwa hakuwa na ujira, wala ujuzi wake haukuwa wake mbele ya sheria.

Mwaka ule ule wa 1841, katika kisiwa cha jirani cha Moris, alifika Padri mmoja Mfaransa, Jacques-Désiré Laval. Utumwa ulikuwa umekwisha kufutwa huko, lakini waliofunguliwa walikuwa wameachwa bila shule, bila dini, bila heshima. Padri Laval alikaa kati yao, akajifunza lugha yao, akawafundisha katekisimu, akachagua katika hao hao wanyonge wake kwa waume wawe wasaidizi wake. Mwaka 1979 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri. Yeye alitambua jambo ambalo wenye mashamba hawakutaka kulitambua: ya kuwa Mungu huweka vipawa vyake hata ndani ya wale ambao dunia imewahesabu kuwa si kitu.

Uhuru bila mkate

Siku ya 20 Desemba 1848 utumwa ulifutwa Réunion, na watumwa zaidi ya 60,000 wakawa watu huru. Edmond alikuwa kijana wa miaka 19. Waliofunguliwa walipewa majina ya ukoo, naye akapewa jina la Albius. Inasemekana jina hilo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya weupe. Kijana mweusi akaandikwa kwa jina la weupe. Labda mwandishi aliona ni heshima.

Uhuru ni mali kubwa, lakini haulishi tumbo. Watu huru wapya hawakupewa shamba, wala mbegu, wala ujira wa miaka waliyofanyishwa kazi. Edmond aliondoka Bellevue akaenda mji wa Saint-Denis, akapata kazi ya jikoni. Huko aliingia katika shauri baya. Alishitakiwa pamoja na wengine kwa ajili ya wizi, na mwaka 1852 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano cha kazi ngumu. Kijana ambaye mikono yake ilikuwa imewatajirisha watu wengi sasa alivunja mawe akiwa amefungwa.

Amri ya saba ya Mungu haina ubaguzi: humkataza maskini kuiba kama inavyomkataza tajiri. Lakini yafaa kuona pia jinsi dunia ilivyopima. Wizi wa kijana mmoja uliandikwa katika vitabu vya baraza, ukahukumiwa kwa miaka. Wizi wa jasho la watu 60,000 haukuandikwa mahali, wala hakuna aliyesimamishwa barazani kwa ajili yake. Katekisimu yafundisha kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni mojawapo ya dhambi zinazolia mbinguni. Hukumu isiyoandikwa na watu huandikwa na Mungu.

Mwamuzi mmoja, Mézière Lepervanche, aliyejua habari za Edmond, hakunyamaza. Alimwombea kwa Gavana, akakumbusha mema ambayo kisiwa kilipata kwa mkono wa mfungwa huyo. Kwa maombi hayo, na kwa mwenendo wake mzuri gerezani, Edmond alifunguliwa kabla muda wake haujatimia. Hata hivyo, walipoombewa wakubwa wa serikali wampe zawadi au posho ya kumsaidia, hawakumpa.

Sifa iliyotaka kuchukuliwa

Kulikuwa na ubaya mwingine. Mtu aliyekuwa na jina kubwa katika elimu ya mimea, Jean Michel Claude Richard, mkuu wa bustani ya serikali ya Saint-Denis, alidai kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaonyesha watu wa kisiwa jinsi ya kuizalisha vanila, na kwamba yule mtoto alijifunza kwake. Wengi walikuwa tayari kusadiki. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba jambo kubwa limetoka kwa mtu mkubwa.

Ndipo Ferréol, ambaye sasa alikuwa mzee, aliposhika kalamu. Aliandika kwamba Edmond hakufundishwa na mtu jambo hilo. Alieleza habari ya lile tunda la kwanza, na la pili, na jinsi mtoto alivyomwonyesha. Alikumbusha kwamba kabla ya hapo hakuna mwenye shamba yeyote aliyeijua njia hiyo, na ndiyo sababu wote walimwita Edmond aje kuwafundisha. Kwa ushuhuda huo heshima ya Edmond haikupotea. Leo wanaochunguza mambo ya kale huitaja njia hiyo kwa jina lake.

Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uwongo. Yamtaka mtu aseme kweli hata kwa faida ya aliye mnyonge kuliko yeye, asiyeweza kumlipa chochote. Ferréol alikuwa amemmiliki mwenzake, na kosa hilo haliwezi kufichwa. Lakini siku ya kusema kweli ilipofika, aliisema. Na hilo nalo lihesabiwe.

Kufa kwake

Edmond alirudi Sainte-Suzanne, mahali alipozaliwa. Aliishi huko katika umaskini. Mashamba ya vanila yalimzunguka pande zote, na kila asubuhi ya majira ya maua aliweza kuwaona watu wakifanya kwa vidole vyao kile alichokifanya yeye kwanza. Tarehe 9 Agosti 1880 alikufa katika hospitali ya maskini ya Sainte-Suzanne. Alikuwa na umri wa miaka 51. Gazeti moja la kisiwa lilitoa habari ya kifo chake, likasikitika kwamba mtu aliyekitajirisha kisiwa amekufa bila kitu, na kwamba ombi la posho kwa ajili yake halikupata jibu kamwe.

Baadaye sana watu walitubu kwa namna yao. Ukumbusho wake umesimamishwa huko Sainte-Suzanne, na jina lake limepewa shule. Mtoto asiyeingia shuleni amekuwa jina la shule.

Mambo ya kushika

Vanila inayolimwa leo ulimwenguni, Madagaska, Uganda ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, na katika mashamba ya Beni, karibu yote huzalishwa kwa njia ya Edmond: kijiti chembamba na kidole gumba. Wataalamu wamevumbua mashine za kila namna, lakini katika kazi hiyo mkono wa mtu haujapata mshindani.

Mkatekumeni anayekwenda shambani asubuhi na akumbuke habari hii. Anapoinua kile kiwambo na kukiona kile kifuko kimoja, kidogo hata karibu hakionekani, na afikiri jinsi Mungu alivyotia nguvu ya uzazi katika kitu kidogo hivyo. Na afikiri pia jinsi Mungu huyo huyo alivyoweka akili kubwa katika mtoto ambaye watu walimwandika katika orodha ya mali. Talanta aliyopewa Edmond hakuifukia ardhini. Aliitumia, akawapa wengine, ingawa hakuna aliyemshukuru.

Na yule aliye na shamba kubwa, anayewaita watoto wa jirani na wajane waje kumhudumia maua yake, na akumbuke kuwalipa siku ile ile, kwa kipimo cha haki, wala asiwaambie warudi kesho. Anayeichukua usiku vanila ya mwenzake, na ajue kwamba anachukua asubuhi nyingi za mtu mwingine. Na mwalimu, mzee wa kijiji au mfanya biashara anayesifiwa kwa jambo aliloligundua mdogo wake, na alitaje jina la mdogo huyo mbele ya watu.

Kwa maana hayo ndiyo aliyonyimwa Edmond: ujira wake na heshima yake. Mwenye kumpa kila mtu ujira wake na heshima yake amekwisha kuanza kuishika Injili, hata kabla maji ya Ubatizo hayajamgusa kichwani.